Ukienda kwa Wenye Chongo

Wahenga walisema, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho." Walisema pia kwamba kifo cha wengi ni arusi. Methali hizi mbili zina akili yake. Mgeni asiyefuata desturi za wenyeji ni mtu wa fujo, na msiba unaoshirikiwa na watu wengi huwa mwepesi kidogo. Lakini mwanafunzi wa shule ya bweni aweza kuzichukua methali hizo akazifanya sheria ya maisha yake yote, na hapo ndipo taabu inapoanza. Wenzake wakiiba mtihani, naye anafumba jicho. Wakimcheka mtoto wa kidato cha kwanza anayepiga magoti kando ya kitanda chake, naye anacheka. Wakipitisha chupa ya waragi nyuma ya bweni usiku wa Jumamosi, naye anapokea. Ukimwuliza sababu, hasemi kwamba aliona ni jambo jema. Atakujibu, "Wote walikuwa wakifanya."

Katika makala haya nataka kueleza mambo matatu: jinsi nguvu ya wenzetu inavyofanya kazi ndani yetu, jinsi vijana wa Uganda na Rwanda walivyoishinda, na njia ambayo Mkristo kijana aweza kuifuata ili akue katika imani bila ya kuwakimbia watu. Nawaandikia hasa ndugu zangu walio madarasani. Hata hivyo wale waliokwisha kuondoka shuleni wasilifunge gazeti, maana kundi halimwachi mtu siku anapopokea cheti chake.

Nguvu yenyewe ni kitu gani?

Watu wengi hudhani kwamba kijana hufuata wenzake kwa kuogopa kupigwa, au kwa sababu ni mjinga. Sivyo. Huko Marekani palikuwa na mtaalamu wa elimu ya nafsi, jina lake Solomon Asch, ambaye mwaka 1951 alitangaza habari za jaribio moja ambalo linafaa kujulikana na kila mwanafunzi. Alikusanya wanafunzi wa chuo katika vikundi vya watu saba hadi tisa, akawaonyesha kadi mbili. Kadi moja ilikuwa na mstari mmoja. Ya pili ilikuwa na mistari mitatu, na katika hiyo mmoja tu ulikuwa sawa kwa urefu na ule wa kadi ya kwanza. Kila mtu aliulizwa kwa zamu, naye akajibu kwa sauti mbele ya wenzake, mstari ulio sawa ni upi. Kazi hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeiweza.

Lakini palikuwa na hila. Wote katika kikundi, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekwisha kupatana na mwalimu kwamba mara kwa mara watatoa jibu la uongo, tena wote jibu lile lile. Yule mmoja asiyejua neno aliketi karibu na mwisho, akawasikia wenzake wote wakitamka jambo ambalo macho yake mwenyewe yanalikataa. Je, alifanyaje? Watu walipojibu peke yao kwa kuandika, walikosa chini ya mara 1 katika 100. Walipoketi katikati ya kundi lile, walilifuata jibu la uongo karibu mara 37 katika 100, na katika kila watu 4, watu 3 waliufuata uongo walau mara moja. Angalieni, hapakuwa na fimbo wala zawadi. Hakuna aliyetishwa. Wengine walisema baadaye kwamba waliiona kweli vizuri ila hawakutaka kuonekana tofauti. Wengine walianza kuyatilia shaka macho yao.

Kisha Asch alijaribu jambo la pili, nalo ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Alimtia katika kundi mtu mmoja tu wa kusema kweli. Wengi walibaki wengi, wala uongo wao haukubadilika. Lakini yule aliyekuwa akijaribiwa, alipomsikia mwenzi mmoja tu akitaja mstari ulio sawa, alipata moyo, na makosa yakapungua yakawa robo tu ya yale ya kwanza. Na yule mwenzi alipoacha katikati ya kazi akajiunga na wengi, makosa yalipanda tena mara moja.

Maandiko Matakatifu yalikuwa yametuonyesha jambo hilo zamani. Mfalme Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliliacha shauri la wazee akasikiliza shauri la vijana waliokua pamoja naye. Alikuwa mfalme, nani angeweza kumlazimisha? Hata hivyo alitaka kuonekana hodari mbele ya rika lake, na kwa jibu moja la jeuri akapoteza kabila kumi. Petro naye hakukana mbele ya askari mwenye upanga. Alikana penye moto, katikati ya watumishi waliokuwa wakiota, alipoulizwa na kijakazi. Alikuwa peke yake pale uani, hana hata mwenzi mmoja upande wake. Kinyume chake, Danieli alipokatazwa mambo ya kwao kule Babeli alikuwa na rafiki watatu, nao wanne walikata shauri pamoja.

Basi jambo la kwanza ni hili: nguvu ya wenzetu haishindwi na mtu mwenye kifua kikubwa anayejivuna kwamba ataweza peke yake. Hushindwa na watu wawili. Wenzetu ndio hatari yetu, na wenzetu hao hao ndio ngao yetu.

Vijana wa Munyonyo

Kila mwaka tarehe 3 Juni umati mkubwa hukusanyika Namugongo, na wengine hufika kwa miguu kutoka nchi za jirani. Kwa kuwa sikukuu yenyewe twaijua, mara nyingi hatujitaabishi kuisoma habari yake. Twawaona mashahidi katika picha, na kila mmoja ana taji ya nuru kichwani, tukadhani walikuwa watu wa namna nyingine. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wa wanafunzi wetu. Walikuwa watumishi wa Kabaka, walioitwa bagalagala, na maisha yao yalifanana sana na maisha ya bweni. Walilala pamoja, walikula pamoja, na kila mmoja alijua kwamba cheo chake cha kesho kilitegemea kumpendeza mkubwa leo.

Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879, lakini waliondoka Novemba 1882 wala hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili na nusu wanafunzi wao walikaa bila padre. Je, walitawanyika? La. Waliendelea kukutana, wakubwa wakiwafundisha wadogo, na mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Kiongozi wao katika jumba la Kabaka alikuwa Joseph Mukasa Balikuddembe. Yeye aliuawa tarehe 15 Novemba 1885 kwa sababu alithubutu kumwambia Kabaka Mwanga kwamba kumwua Askofu James Hannington kulikuwa kosa, na kwa sababu aliwakinga vijana wadogo wasitumiwe kwa mambo ambayo imani yao iliyakataza. Siku ile ile Charles Lwanga alibatizwa, akashika mahali pake.

Usiku wa tarehe 25 Mei 1886 kule Munyonyo, milango ya boma ilikuwa imefungwa na kila mtu alijua kwamba hasira ya Kabaka imewaka. Lwanga aliwabatiza baadhi ya wenzake waliokuwa bado wakijifunza dini, mmoja wao Kizito, mwenye umri wa kama miaka 14. Husimuliwa kwamba Lwanga alikuwa amemwahidi mtoto huyo kwamba saa ikifika atamshika mkono. Asubuhi Kabaka alitoa amri: wasiosali wabaki karibu naye, na wanaosali waende kusimama upande wa pili penye ua. Lwanga alitangulia, na wenzake wakamfuata.

Tafakarini hatua zile chache kutoka upande mmoja wa uwanja hadi upande wa pili. Kubaki mahali ulipo kulikuwa rahisi sana. Hapakuhitajiwa neno wala kiapo. Mtu alihitaji tu kutotembea. Mara nyingi majaribu ya kundi huja kwa njia hiyo. Hayatuambii tumkane Mungu, yatuambia tukae kimya mahali tulipo.

Tena yuko kijana mmoja, Mbaga Tuzinde, ambaye mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa mtu wa jamaa yake. Huyo hakusukumwa kwa ukali, alisukumwa kwa upendo. Watu wake walimsihi aseme tu kwamba ameacha kusali, au akubali kufichwa. Alikataa. Kila aliyepata kuombwa na rafiki wa kweli, kwa sauti ya upole, atende neno asilotaka, anajua kwamba upole huo ni mgumu kuukataa kuliko matusi. Tarehe 3 Juni 1886 Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja pale Namugongo. Katika mateso ya miaka ile Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanakumbukwa kwa majina, na wale 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964.

Wanafunzi wa Nyange

Habari ya pili ni ya karibu zaidi, nayo ilitokea shuleni. Nyange ni mahali katika milima ya magharibi ya Rwanda. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi zaidi ya elfu moja walikimbilia kanisa la parokia ya Nyange. Kanisa lilibomolewa kwa tingatinga na wao wakiwa ndani. Padre wa parokia hiyo hiyo alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008 kifungo chake kikafanywa cha maisha. Naitaja habari hii nzito kwa sababu moja. Wengi wa waliokuwa wakiua nchini mwaka ule walikuwa wamebatizwa, nao wengi walitenda kwa sababu majirani zao walikuwa wakitenda. Mtu asidhani, basi, kwamba kukaa katikati ya Wakristo wengi kunatosha kumlinda. Wakristo nao wakikusanyika waweza kuwa kundi kama makundi mengine.

Miaka mitatu baadaye, jioni ya tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari iliyo hapo hapo Nyange, wanafunzi wakiwa madarasani. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda wote. Wale watu wakafyatua risasi na kutupa mabomu ya mkono. Wanafunzi 6 walikufa kwa shambulio hilo na wengine wengi walijeruhiwa. Leo taifa la Rwanda linawahesabu wanafunzi wa Nyange miongoni mwa mashujaa wake, daraja iitwayo Imena, na huwakumbuka tarehe 1 Februari pamoja na mashujaa wengine.

Wekeni habari hizi mbili pamoja. Munyonyo vijana waliambiwa wajitenge, wakajitenga. Nyange waliambiwa wajitenge, wakakataa kujitenga. Je, zinapingana? Hata kidogo. Wale wa kwanza walikataa kumwacha Mungu, na wale wa pili walikataa kumwacha mwenzao, na Bwana wetu alifundisha kwamba amri hizo mbili zafanana. Kwa hiyo kupinga kundi si kupenda kuwa tofauti. Kijana ambaye kila watu wakisema ndiyo yeye husema siyo, huyo naye ni mtumwa wa kundi, maana hawezi kukata shauri mpaka amewatazama wao kwanza. Mwenye imani haulizi, "Wengi wako wapi?" Anauliza, "Upendo wataka nini?" Siku moja upendo utamtaka atoke penye wengi. Siku nyingine utamtaka abaki karibu na yule ambaye wengi wanamtupa nje: maskini wa darasa, mwenye kigugumizi, mtu wa kabila lisilopendwa.

Mambo ya kufanya

Kwanza, tafuta mwenzi mmoja. Sisemi kikundi kikubwa, nasema mmoja au wawili, mnaoweza kukaa pamoja kila juma, kusoma Neno na kuambiana kweli. Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe hapo Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, waliketi pamoja wakasoma Biblia na kuomba. Walikuwa wawili tu. Urafiki ule ulikuwa chanzo kimoja cha uamsho uliosambaa Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na Kongo. Desturi ya ndugu wa uamsho ya kuelezana mambo yao waziwazi waliiita kutembea nuruni. Mkulima wa ndizi anajua jambo hili: mgomba uliobeba mkungu mzito huwekewa mti wa panda ili usianguke. Hauwekewi mti kwa sababu ni dhaifu, unawekewa kwa sababu unazaa.

Pili, kateni shauri kabla ya saa kufika. Danieli hakungoja sahani ifike mezani ndipo aanze kufikiri. Mnajua tayari majaribu ya shule: karatasi ya mtihani inayouzwa usiku, ukuta unaorukwa mwisho wa muhula, simu iliyofichwa godoroni yenye picha za aibu. Semeni leo mtakalolifanya siku hiyo, mbele ya mwenzi wako, maana usiku wa manane akili haina nafasi ya kutosha.

Tatu, ukatae kwa maneno machache na kwa adabu. Danieli hakumtukana msimamizi wake. Aliomba ajaribiwe kwa siku kumi, na msimamizi hakupata hasara. "Ahsante ndugu, mimi siendi" ni jibu kamili. Anayetoa hotuba ndefu mara nyingi anajihubiria mwenyewe kwa sababu moyo wake unayumba. Kisha kesho yake ucheze mpira na hao hao uliowakataa, uwasaidie hesabu, uwagawie sukari yako. Tumelikataa tendo lao. Wao wenyewe hatukuwakataa.

Nne, kichungeni hata kikundi chenu cha sala. Yawezekana kijana akasimama kutoa ushuhuda kwa sababu tu kila mtu aliyeketi upande wake amekwisha kusimama. Akaungama dhambi ambazo hakuzitenda, au akalia machozi yasiyo yake. Huko si kukua. Ni kundi lile lile limevaa kanzu nyeupe. Kikundi chema kinamruhusu mtu aulize maswali, kinamngoja anayekwenda polepole, nacho humrudisha kwa wazazi na wenzake akiwa mpole zaidi. Kikikufundisha kuwadharau wasiokuwamo, jihadharini nacho.

Tano, uwe na dakika chache kila siku ambazo hakuna akuonaye. Sala ya siri ndiyo mahali pekee ambapo kundi halina nguvu, kwa kuwa halipo. Mtu anayesali mbele ya watu tu hajui bado kama anamsali Mungu au anawasali watu.

Neno kwa waliokwisha kuondoka

Nanyi mliomaliza, mnajua kwamba maofisini pia kuna wenye chongo. Yuko karani mpya anayeambiwa mwezi wa kwanza kwamba hapa faili haiendi bila ya kitu kidogo. Yuko mwalimu anayeambiwa apandishe alama za mtoto wa tajiri. Wala hawatishwi kwa panga. Huambiwa tu kwamba wote wanafanya. Huenda katika ofisi ile wako wengine watatu wanaolichukia jambo lilo hilo, na kila mmoja anadhani yuko peke yake, kwa sababu hakuna aliyefumbua kinywa.

Basi nawaomba neno moja dogo. Kila mmoja wenu achague mwanafunzi mmoja aliye shuleni sasa, amwandikie, amtembelee siku ya wageni, amwulize si alama zake tu bali anasimamaje. Asch alionyesha kwamba mtu mmoja wa kusema kweli hupunguza nguvu ya wengi hata ikabaki robo. Lwanga alikuwa Mkristo aliyebatizwa kwa muda wa miezi sita na siku chache tu, lakini mkono wake ulitosha kumvusha mtoto uwanja. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini viwili vyatosha.